Bima inalipa unachoweza kuonyesha: hotuba kwa mafundi seremala wa Moshi

Hii ni hotuba niliyoitoa Moshi kwenye mkutano wa mafundi seremala na wenye karakana za fanicha. Wengi mlikuwa saiti au mmebanwa na kazi za wateja, mkaomba niiweke nzima. Nimeiacha kama nilivyoongea.

Shikamooni wazee wangu. Vijana wa mashine mambo vipi. Mama zangu mnaoshika daftari na hela za karakana, za asubuhi. Najua kuna wateja wanawasubiri kwahiyo naingia moja kwa moja.

Mikono juu wenye bima. Haya, naona mikono mingi, safi sana. Sasa shusha mkono kama bima yako ni ya gari au bodaboda tu. Mmeona? Imebaki mikono minne mitano ukumbi mzima. Nyie mliobaki, nani anaweza kuniambia sasa hivi, bila kupiga simu nyumbani, hati yako imeandika shilingi ngapi kwa mashine, ngapi kwa mbao, ngapi kwa fanicha zilizokwisha? Hakuna. Basi leo tunaongelea hapo hapo.

Mimi ni mtathmini wa hasara. Karakana ikiungua au ikivunjwa kampuni ya bima inaniita, naenda na mabuti na tochi naangalia kilichobaki, nauliza kilichokuwepo, naandika ripoti. Nimeingia karakana zilizoungua Unga Limited na Sakina kule Arusha, na hapa Moshi Majengo na Pasua. Mtu ambaye hakuwa na bima kabisa namsikitikia, lakini anayenikosesha usingizi ni yule aliyelipa kila mwaka, kwa wakati, hakuruka hata mmoja, halafu siku ya hasara anapata hela ya kununua kompresa na mabaki ya chenji. Huyo ndio amenileta hapa leo. Kampuni inalipa unachoweza kuonyesha, kwa thamani uliyoiandika, kwa kazi uliyosema unaifanya. Nitarudia tena na tena mpaka mnichoke.

Tuanze na thamani. Kuna mzee mmoja Arusha, fundi wa milango hasa, milango yake ya mninga ukiigusa unajua hapa kuna mtu. Alichukua mkopo wa milioni 20 kuongeza mashine, na benki wakamwambia lazima ukate bima, akakata pale pale dirishani, milioni 20. Kwanini 20? Kwa sababu mkopo ulikuwa 20. Hakuna aliyemuuliza karakana nzima ina thamani gani na yeye hakujua kama hilo ni swali. Usiku moto ukashika stoo ya mbao na milango iliyokuwa inasubiri kupelekwa, mashine zikapona. Nikahesabu hasara ikawa milioni 24. Mzee akaniambia sawa mwanangu, najua bima yangu ni 20, hiyo nne nitabeba mwenyewe.

Wangapi hapa mngesema hivyo hivyo? Wengi. Sasa sikilizeni hesabu ilivyo. Mashine zake zilikuwa na thamani ya milioni 35, mbao 25, kazi zilizokwisha na zinazoendelea 20, jumla 80. Yeye kaandika 20. Maana yake kaikatia bima robo ya mali yake, na mkataba unasema ukikatia robo basi na hasara yoyote, hata ndogo, utalipwa robo. Robo ya 24 ni 6. Toa eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kila unapodai, kwake ilikuwa asilimia 10, laki sita. Imebaki milioni tano na laki nne. Afu hati ilikuwa na jina la benki kama mlipwaji wa kwanza, kwahiyo hata hiyo ilikwenda benki kupunguza deni. Mzee alitoka mikono mitupu na deni lipo. Nani alimuibia? Hakuna. Kila mtu alifuata mkataba. Mkataba ulikuwa kwa Kiingereza, kurasa nyingi, umewekwa kwenye droo na umeungua humo humo.

Kwahiyo nikisema andika thamani kamili sikutafutii gharama. Ada itapanda ndio, na kumbuka juu yake kuna VAT asilimia 18, lakini ukilipa ada ya robo umenunua robo. Kama huna uwezo wa kukatia kila kitu bora uzungumze na wakala au broka muandike wazi kwamba bima hii ni ya mashine tu, zikiwa zimetajwa moja moja kwa thamani kamili, kuliko kutandika kihela kidogo juu ya karakana nzima. Na bei iwe ya leo. Ile mashine ya kuranda uliyonunua yuzdi miaka saba iliyopita, ukienda kuitafuta leo utaipata kwa bei ile? Uliza pia hasara ikitokea utalipwa bei ya kitu kipya au bei ya kitu kilichochakaa, maana ni tofauti kubwa sana na inaandikwa mwanzoni.

Na wale mnaofanya kazi za lodji na kambi za watalii, nawaomba sana hapa. Ukipata oda ya vitanda na makabati ya lodji, stoo yako inajaa mbao kwa miezi miwili mitatu, thamani iliyomo inaruka mara mbili. Pigia simu wakala wako siku hiyo hiyo, omba kiongezwe kiwango kwa muda wa oda. Ni nyongeza ndogo. Moto hausubiri mwisho wa mwaka wa bima.

Afu kuna mali za wateja. Hapa kwetu mteja analeta mbao zake mwenyewe, loliondo ya shambani kwa babu yake, au mkangazi alioutunza miaka, anakwambia nitengenezee meza. Hiyo mbao ni yako? Sio yako. Hati ya kawaida inasema mali za mwenye bima. Usipoandikisha kwamba unakatia pia mali za wateja zilizo mikononi mwako, ikiungua utailipa mfukoni, na mtu wa kijijini mwenye mti wa babu yake humlipi kwa maneno.

Sasa la pili, kuonyesha. Mama mmoja hapa hapa Moshi, ana karakana na sehemu ya kuuzia, alivunjiwa usiku, wezi wakabeba mashine za mkono, routa, drili, mashine za msasa, na mito ya masofa. Nilipofika alinipa simu. Kila Ijumaa jioni kabla ya kulipa vijana anapiga picha karakana nzima, kona kwa kona, anapiga na namba za mashine zile zilizogongwa kwenye kibati, anamtumia mwanae aliyeko Dar. Risiti zote za EFD kazipiga picha siku ya kununua, kwa sababu karatasi ile inafutika wino, mnajua wenyewe, miezi sita imekuwa nyeupe. Alikuwa karipoti polisi asubuhi ile ile na ana namba ya RB, ile namba ya taarifa unayopewa kituoni. Nilimaliza kazi yangu kwake kabla ya chai ya saa nne. Sikuwa na swali la kumuuliza.

Ukilinganisha na wengine ninaokwenda kwao, mtu anasimama kwenye majivu ananiambia hapa kulikuwa na mbao za mkongo za milioni 15. Ndugu yangu nakuamini, kwa macho yako nakuamini. Nitaandika nini kwenye ripoti? Risiti hakuna, hati ya kusafirisha mazao ya misitu kutoka kwa TFS, wakala wa serikali wa misitu, hakuna, mbao ilishushwa saa nane usiku kutoka kwenye gari ambalo hata namba hukuitazama. Mbao ya namna hiyo hakuna kampuni itakayokulipa, na ukiitaja sana unajiletea kesi nyingine. Wapo wanaoona kununua mbao yenye karatasi ni kupoteza hela. Paini na saiprasi ya West Kilimanjaro, ya Rongai, ya shamba la Meru, zina karatasi zake kama ukizidai. Zidai. Hiyo tofauti ya bei ni sehemu ya bima yako.

Na kuonyesha kunaanza hata kabla, kwenye ile fomu ya maombi. Hili linaniuma kuliko yote. Kuna kijana, fundi mzuri sana, wakala alimjazia fomu akaandika biashara yake ni duka la fanicha, kwa sababu duka ada yake ni ndogo kuliko karakana yenye mashine na kupiga rangi. Kijana akasaini bila kusoma. Miaka miwili analipa. Siku moto ulipotokea wakafungua fomu, duka, hakuna mashine, hakuna tina ya kuyeyushia rangi, hakuna vanishi. Mimi nasimama kwenye karakana nina msumeno wa mezani ulioungua mbele yangu na ndoo za tina zimeyeyuka. Madai yakakataliwa yote, sifuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yalifichwa na wakala, kwa saini ya kijana. Jaza fomu mwenyewe au usomewe kila mstari kabla ya kusaini. Unapulizia rangi ndani? Sema. Mnapika humo ndani? Sema. Kuna mlinzi usiku au hakuna? Sema ukweli. Na huyo wakala hakikisha amesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, wana ofisi ya kanda Arusha, na ukikataliwa madai na ukaamini umeonewa kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, yupo kisheria kwa ajili yako.

Mnanifuata? Huko nyuma mnanisikia? Haya.

Sasa moto wenyewe. Kila karakana nikienda naambiwa ni hitilafu ya umeme. Mara nyingine kweli, ekstensheni moja imebeba mashine tatu, waya umefunikwa na maranda. Lakini nataka niwape hadithi ya mbali kidogo. Marekani, mji wa Philadelphia, kulikuwa na jengo la orofa 38 linaitwa One Meridian Plaza. Februari 1991, siku ya Jumamosi, mafundi walikuwa wanarudishia ung'avu mbao za ukutani orofa ya 22, wanatumia mafuta ya linsidi. Wamemaliza wakaacha matambara yenye mafuta yamerundikwa, wakaenda zao nyumbani. Hakuna kiberiti, hakuna sigara, hakuna umeme. Usiku matambara yakawaka yenyewe. Moto uliwaka usiku kucha mpaka kesho yake, zimamoto watatu wakafa, ulikuja kukwama orofa ya 30 ambako kulikuwa na mabomba ya maji yanayojifungua yenyewe juu ya dari. Jengo halikutumika tena, likabomolewa.

Matambara. Mnanielewa? Matambara! Mafuta ya linsidi na vanishi za mafuta zinapokauka zinavuta hewa na kutoa joto. Tambara moja likitandazwa joto linaondoka, yakikunjwa na kurundikwa joto linabaki katikati, linapanda, linapanda, mpaka linawaka. Nenda kaangalie kona ya karakana yako leo jioni. Yale matambara yatandaze nje moja moja mpaka yakauke yawe magumu, au yaweke kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Hiyo haikugharimu hata shilingi.

Jirani yako je? Nusu ya karakana zetu zimebanana na fundi wa kuchomelea mageti. Cheche ikiruka ikaingia kwenye maranda haiwaki pale pale, inafukuta chini chini masaa, nyie mmefunga mmeondoka, saa sita usiku ndio moto unatoka, kesho asubuhi mnasema umeme. Ongeeni na huyo jirani, wekeni bati katikati, na maranda yaondoke kila siku, wafuga kuku wanayatafuta, wape, wauzie, yatoke.

Na lile vumbi laini la juu ya kenchi, ambalo mnasema tutafagia Krismasi. Julai 17, 2015, kijiji cha Bosley, Uingereza, kinu cha kusaga mbao kililipuka, watu wanne wakafa. Unga wa mbao ukirushwa hewani na ukapata cheche unalipuka. Karakana ya watu watano sio kinu, lakini vijana wangu msipulize vumbi kwa kompresa wakati mashine zinaunguruma, fagieni, na anayeweza anunue mashine ya kufyonza. Hilo vumbi hilo hilo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, saratani ya pua hasa. Barakoa sio urembo.

Mtungi wa zimamoto, mmoja hautoshi na usiwe nyuma ya stoo ambako moto utakuzuia kuufikia, uwe mlangoni. Tina na vanishi zikiwaka usimwage maji, yanausambaza moto, tumia poda au povu. Mtungi ukaguliwe kila mwaka na utunze karatasi ya ukaguzi, kwa sababu hati nyingi zinaweka sharti hilo na mimi nitaiomba. Namba ya zimamoto ni 114, iandikwe ukutani kwa rangi, kubwa.

Nimeongea sana mali, sasa watu. Wazee mlioko hapa, nyoosheni vidole tuhesabu. Hapana, naomba msicheke, mnajua namaanisha nini. Kuna kijana wa miaka 22, kazi yake msumeno wa mezani, kinga ilitolewa kwa sababu inachelewesha kazi, msumeno butu, akawa anasukuma kwa nguvu, mbao ikaruka mkono ukaenda. Vidole vitatu. Tajiri wake ni mtu mwema, aliuza pikipiki akalipa hospitali, akalipa na miezi miwili nyumbani, akaishiwa. Kijana akabaki na mkono huo na miaka arobaini ya kuishi mbele yake. Ugomvi ukaingia, koo mbili hazisalimiani.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa jambo hili hili. Mwajiri wa sekta binafsi anachangia asilimia 0.5 ya mishahara. Kama unalipa vijana wako wote jumla milioni mbili kwa mwezi, mchango ni shilingi elfu kumi. Elfu kumi! Hairuhusiwi kumkata mfanyakazi, unatoa wewe. Na mfuko unabeba matibabu, fidia ya mshahara akiwa hawezi kufanya kazi, pensheni akipata ulemavu mkubwa wa kudumu, na akifariki familia yake inaangaliwa. Ajali ikitokea unatoa taarifa ndani ya siku 7, usikae nayo mkisubiri yaishe kifamilia. Nisikilizeni vizuri, siombi mtu afanye hisani, ni sheria, na ni elfu kumi. Kijana yule angelipwa fidia yake.

Na kinga ya msumeno irudishwe. Tengeneza kijiti cha kusukumia, kitundike hapo hapo kwenye mashine. Misumeno inolewe na mtu anayejua, Moshi tuna bahati, Chuo cha Viwanda vya Misitu kipo hapa hapa mjini kwetu, wanafundisha kazi ya kutunza misumeno, mpelekeni kijana mmoja akajifunze. Msumeno mkali unakata mbao, msumeno butu unaivuta na mkono wako.

Ya barabarani nasema haraka. Bima ndogo ya gari, ile ya lazima, inamlipa mtu wa tatu uliyemgonga, haimlipi mwenye kabati lililo juu ya Fuso. Wanaopeleka fanicha Karatu na Serengeti wakate bima ya mali safarini, kwa safari moja moja au kwa mwaka. Na ukifunga makabati hotelini, kabati likimwangukia mgeni, au kijana wako akatoboa bomba likafurika vyumba vya chini, hiyo inalipwa na bima ya dhima kwa umma, ambayo lodji na hoteli kubwa zinaidai kabla hata hujapewa kazi. Kuna mafundi wamekosa oda kwa sababu ya hiyo karatasi moja.

Nilisimama hapo tukaenda kwenye maswali. Moja naliweka kwa sababu wengi waliniuliza tena nje. Kaka mmoja alisema, mimi jengo sio langu, nimepanga fremu mbili, mwenye nyumba anasema ana bima yake, kwanini nikate?

Nilimjibu hivi. Kaka, bima ya mwenye nyumba inamlinda mwenye nyumba. Mashine zako na mbao zako hazimo. Na moto ukionekana umetoka kwenye matambara yako, kampuni yake ikishamlipa yeye ina haki ya kukugeukia wewe idai hela yake, na jirani wa fremu ya pembeni naye atakuja. Ile bima ya dhima ya kawaida huwa inaacha nje mali uliyoikodi, kwahiyo mwambie wakala aongeze dhima ya mpangaji kwa hilo jengo, na kabla hujalipa hata mia akuonyeshe kwa kidole mstari ulioandikwa hivyo, uupige picha huo mstari umtumie mkeo.